Saki Nyingi za Chuoni Zina Thamani Gani Siku ya Drafti?

Swali, kwa ufupi, ni hili. Msomaji wetu Mkenya anayeishi Minnesota, shabiki wa Vikings, anauliza kwa nini timu za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, siku ya drafti, yaani zinapochagua wachezaji wa vyuo kwa zamu, huwaacha wavamizi wa pembeni (wachezaji wa ulinzi wanaomkimbilia kwotabeki, mrushaji mpira) waliomwangusha mara nyingi chuoni, yaani waliopata saki nyingi, na kuwachukua waliofanya hivyo mara chache, kama timu ya Jacksonville walivyofanya mwaka 2022. Anataka kujua pia yeye mwenyewe aangalie nini anapotazama mechi za vyuo siku ya Jumamosi, kama vipimo vya mwili wanavyofanyiwa wachezaji huko Indianapolis kabla ya drafti vina maana yoyote, na mwisho ananitaka niseme mimi ningemchagua nani.

Ndugu msomaji,

Mfano uliouleta unafaa sana kwa sababu pengo lake ni kubwa. Katika msimu wa 2021 Aidan Hutchinson wa Michigan alipata saki 14, ambayo ni rekodi ya chuo hicho, na akashika nafasi ya pili katika kura za Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Travon Walker wa Georgia alipata saki 6. Aprili iliyofuata Jacksonville, waliokuwa na chaguo la kwanza, walimchukua Walker, na Detroit wakamchukua Hutchinson katika chaguo la pili. Kwa anayehesabu saki peke yake uamuzi huo haueleweki. Kwa maskauti, yaani wakaguzi wa vipaji wa timu, ulikuwa uamuzi wa kubishaniwa, lakini si wa kustaajabisha, kwa sababu saki ni tokeo la mwisho la mambo mengi, na baadhi ya mambo hayo hayamhusu kabisa yule anayeandikiwa.

Saki huhesabiwa pale kwotabeki anayetaka kurusha mpira anapoangushwa nyuma ya mstari wa kuanzia kabla hajaurusha. Wavamizi wawili wakimwangusha pamoja, kila mmoja huandikiwa nusu. NFL imezihesabu rasmi kwa kila mchezaji tangu 1982, na vyuo tangu 2000. Hesabu hiyo haielezi kwotabeki alikaa na mpira muda gani, wala haimtaji yule aliyemtimua kutoka mahali pake hadi akaangukia mikononi mwa mwingine. Chuoni wako makwotabeki wengi wachanga ambao hushika mpira sekunde nne wakitafuta mtu wa kumrushia, na katika muda huo hata mvamizi aliyezuiwa barabara mwanzoni huweza kufika. Katika NFL mpira kwa kawaida huwa umekwisha kuondoka ndani ya sekunde mbili na nusu hadi tatu. Kwa hiyo, mvamizi ambaye saki zake nyingi ni za sekunde ya nne anaingia katika ligi ambayo sekunde hiyo atapewa kwa nadra sana.

Tena lazima kuuliza zilipatikana dhidi ya nani. Mwanzoni mwa Septemba vyuo vikubwa huvilipa vyuo vidogo vije kucheza ugenini, na mechi hizo huwa na matokeo ya aibu. Mvamizi anayelengwa na NFL akikutana siku hiyo na mlinzi wa pembeni (mchezaji wa upande wenye mpira anayemkinga kwotabeki) ambaye hatacheza tena mpira baada ya kuhitimu, saki tatu si habari. Skauti makini huitafuta kwanza ile mechi moja au mbili za msimu ambapo mvamizi huyo alikabiliwa na mlinzi ambaye naye anatarajiwa kuchaguliwa, huitazama mpaka mwisho, kisha ndipo hurudi kwenye nyingine. Kwa upande wa Hutchinson mechi hiyo ilikuwepo: Novemba 2021, dhidi ya Ohio State, alipata saki tatu.

Kuna na suala la wenzake wa safu. Mwaka 2018 chuo cha Clemson walichukua ubingwa wa taifa wakiwa na safu ya mbele ambayo wachezaji wake wanne walichaguliwa katika drafti ya 2019, watatu kati yao katika raundi ya kwanza. Mlinzi wa pembeni aliyekabiliana na Clelin Ferrell hakuweza kusaidiwa na jirani yake, kwa kuwa jirani huyo alikuwa na Christian Wilkins au Dexter Lawrence wa kushughulika naye. Ferrell alipata saki 11.5 msimu huo, na Raiders wakamchukua katika chaguo la nne. Katika drafti hiyo hiyo, raundi ya nne, chaguo la 106, Raiders hao hao walimchukua Maxx Crosby kutoka Eastern Michigan, chuo ambacho mashabiki wengi hawakuwa wamekitazama hata mara moja. Crosby alipata saki 10 katika msimu wake wa kwanza. Ferrell alipata saki 10 katika misimu yake yote minne akiwa na timu hiyo. Sisemi Ferrell hakuwa mchezaji. Alikuwa mzuri dhidi ya wanaokimbia na mpira na alifanya kazi yake kwa nidhamu. Nasema kwamba yale yaliyompa saki chuoni hayakusafiri naye.

Na kinyume chake kimewahi kutokea hapo hapo kwenu. Danielle Hunter, alipokuwa chuo cha LSU mwaka 2014, alipata saki 1.5 tu kwa msimu mzima, na Vikings walimchukua 2015 katika raundi ya tatu, chaguo la 88. Mtu aliyezifungua takwimu zake akaishia kwenye safu ya saki alimwona mchezaji wa kujaza nafasi. Aliyesogea safu moja pembeni aliona kwamba alikuwa amewaangusha wabeba mpira nyuma ya mstari mara 13, maana yake alikuwa akifika nyuma ya safu ya wapinzani, ila hakuwa akimkuta kwotabeki. Aliyetazama mechi zenyewe aliona kijana wa miaka 20, mrefu wa futi 6 na inchi 5, mwenye mikono mirefu na kasi isiyo ya kawaida kwa mwili ule, ambaye hakuwa na mbinu hata moja ya mikono iliyokamilika. Kocha wa safu ya ulinzi wa Vikings wakati huo, Andre Patterson, alimfundisha alichokikosa. Kabla Hunter hajafikisha miaka 26 alikuwa na saki zaidi ya 50.

Sasa, nini cha kutazama. Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usiutazame mpira. Chagua mvamizi mmoja, mtazame yeye na mlinzi wake tu, na kama una uwezo wa kurudisha nyuma picha, rudisha. Kila jaribio lina hatua zake, na ukizizoea utaanza kuona mambo ambayo mtangazaji hayataji.

Mchukue mvamizi aliyesimama nje kidogo ya bega la mlinzi wa kushoto. Simamisha picha pale mpira unapoondoka mkononi mwa senta, mchezaji anayeuanzisha, halafu itazame safu nzima ya ulinzi: mwenye mwondoko mzuri atakuwa amekwisha kuinua mguu wakati wenzake mikono yao bado iko kwenye nyasi. Huo mwondoko ndio unaomlazimisha mlinzi kurudi nyuma kwa haraka kuliko anavyotaka, na mlinzi anayerudi kwa haraka hupoteza mizani. Hatua ya pili na ya tatu humfikisha mvamizi begani mwa mlinzi, na hapo vita vya mikono huanza. Mlinzi anataka kuweka viganja vyote viwili kwenye kifua cha mvamizi na kunyoosha viwiko. Akifanikiwa, jaribio hilo limekufa. Mvamizi aliyefundwa haingojei mikono hiyo imfikie. Huipiga kwa mkono wa nje ikaenda chini, kisha huupitisha mkono wa ndani chini ya kwapa la mlinzi na kuuinua, na kwa nusu sekunde mlinzi anabaki akishika hewa.

Halafu huja sehemu ambayo kwa maoni yangu ni ngumu kuliko zote kufundishwa, nayo ni kupinda. Kwotabeki yuko yadi saba hivi nyuma ya mstari. Mvamizi aliyelipita bega la mlinzi anakimbia kwenda mbele, na ili amfikie kwotabeki ni lazima ageuke bila kupunguza mwendo, bega la ndani likiwa limeshuka karibu na nyasi na vifundo vya miguu vikibeba uzito wote kwa mshazari huku mlinzi akimsukuma kutoka ubavuni. Mwenye mwili mgumu hawezi. Hukata kona kama lori lenye tela, akazunguka mbali nyuma ya kwotabeki, naye kwotabeki akasogea hatua moja mbele na kurusha kwa raha. Ukitaka kuona kupinda kulivyo kwa kiwango cha juu kabisa, tafuta picha za Von Miller wa Denver katika Super Bowl 50, fainali ya NFL, Februari 2016, alipolizunguka bega la mlinzi wa kulia wa Carolina, Mike Remmers, na kumpokonya Cam Newton mpira uliozaa touchdown ya kwanza ya mechi hiyo.

Lakini ukinilazimisha nichague jambo moja la kutazama, sitachagua mwondoko wala kupinda. Nitachagua kile mvamizi anachofanya mbinu yake ya kwanza inapozimwa. Hata bora wao huzuiwa katika majaribio mengi kuliko wanayoshinda. Saki 14 ni mara 14 kati ya mamia ya majaribio. Chuoni mwenye kipaji huweza kuishi kwa mbinu moja, kwa sababu walinzi wengi hawawezi kuizuia hata wakiijua. Katika NFL walinzi huitazama mbinu hiyo kwenye video kwa wiki nzima, na kufikia Jumapili wanaingojea. Kwa hiyo tafuta majaribio ambapo mlinzi amemsoma mvamizi na kumkalia nje. Je, mvamizi anaendelea kusukuma upande ule ule hadi filimbi ilie? Au anakata kwenda ndani, anajizungusha, anaugeuza mwendo wake kuwa nguvu na kumrudisha mlinzi kifua kwa kifua hadi miguuni mwa kwotabeki? Mwenye jibu la pili, hata kama bado analitoa kwa uzito na mara nyingi halifiki, ana kitu cha kujengea. Asiye nalo kabisa akiwa mwaka wa nne chuoni, na makocha wamekuwa wakimfundisha muda wote huo, mimi humwogopa.

Hapa ndipo takwimu nyingine zinaposaidia kuliko saki. Siku hizi huhesabiwa kila mara mvamizi anapomharakisha kwotabeki, anapomgonga baada ya kurusha, na anapomwangusha, kisha jumla hiyo hugawanywa kwa idadi ya majaribio yake. ESPN nao wana kipimo kinachouliza tu kama mvamizi alimshinda mlinzi wake ndani ya sekunde 2.5. Vipimo vya namna hii hubadilika kidogo kutoka msimu hadi msimu, ilhali saki hupanda na kushuka ovyo. Jared Verse, aliyechaguliwa na Rams mwaka 2024 katika chaguo la 19, alipewa tuzo ya mchezaji chipukizi bora wa ulinzi akiwa na saki 4.5 tu, kwa sababu waliopiga kura walikuwa wameona jinsi alivyokuwa akiwarudisha walinzi wiki baada ya wiki.

Umeuliza kuhusu Indianapolis. Kila mwaka, mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi, wachezaji zaidi ya mia tatu hukusanywa huko na kupimwa urefu, uzito, urefu wa mikono, mbio za yadi 40, kuruka juu, kuruka mbele, kunyanyua chuma cha pauni 225, na mazoezi ya kugeuka. Televisheni hushangilia mbio za yadi 40, ingawa mvamizi wa pembeni hukimbia yadi 40 katika mechi pale tu mambo yanapokuwa yameharibika. Mimi hutazama yadi 10 za kwanza za mbio hizo, na zoezi la koni tatu, ambamo mchezaji huzunguka koni kwa kasi akiwa ameinama. Ni kipimo kinachokaribia zaidi kule kupinda nilikokueleza. Kwa mtu wa kilo 115 hivi, chini ya sekunde saba ni kasi nzuri sana. T. J. Watt, aliyeachwa hadi chaguo la 30 mwaka 2017, alitumia sekunde 6.79. Crosby alitumia 6.89. Hutchinson alitumia 6.73. Kama kuna aliyetaka dokezo, lilikuwa pale.

Hata hivyo vipimo hukuambia mwili unaweza nini, havikuambii mwenye mwili ataufanyia nini. Vernon Gholston wa Ohio State alikuwa na vyote viwili ambavyo wengi huvitaka: saki 14 mwaka 2007, na mwaka uliofuata akaunyanyua ule uzito wa pauni 225 mara 37. Jets walimchukua katika chaguo la sita. Alikaa nao misimu mitatu bila kupata saki hata moja. Terrell Suggs wa Arizona State, kwa upande wake, aliweka rekodi ya vyuo ya saki 24 mwaka 2002, kisha akakimbia yadi 40 taratibu mbele ya maskauti, kiasi cha sekunde 4.8, na minong'ono ikaanza kwamba hana kasi. Baltimore walimchukua katika chaguo la kumi, akapata saki 12 mwaka wake wa kwanza, na alipostaafu alikuwa na 139. Waliokuwa wamemtazama Suggs mikono yake hawakuwa na haja kubwa ya saa.

Kuhusu urefu wa mikono, ambao huzua kelele kila mwaka, msimamo wangu ni wa kati. Mwenye mikono mirefu humfikia mlinzi kabla hajafikiwa, na hiyo ni faida ya kweli. Walker alikuwa na inchi 35.5, Hutchinson 32 na kidogo, na tofauti hiyo ilichangia mjadala wa 2022. Lakini mwenye mikono mifupi aliyejifunza kupiga kwanza hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Ningemshusha mtu nafasi chache kwa ajili ya mikono, si raundi nzima.

Umri nao usiupuuze. Kijana wa miaka 23 anayewaonea wa miaka 19 ana faida ya mwili uliokomaa, na faida hiyo huisha siku anapoingia katika ligi ya watu wazima. Saki 8 za mtu wa miaka 20 mara nyingi zina uzito kuliko 12 za mtu wa miaka 23.

Nadhani nyuma ya swali lako lipo lingine, ambalo wasomaji wetu wa Afrika huniuliza kwa namna mbalimbali: je, mtu aliyechelewa kuanza mchezo huu anaweza kupewa nafasi? Nafasi hii ya mvamizi wa pembeni ndiyo inayowapokea wachelewaji kuliko karibu zote, kwa kuwa kasi na urefu hufanya kazi hata kabla ya elimu. Ezekiel Ansah alitoka Ghana kwenda chuo cha BYU, akajaribu mpira wa kikapu na riadha, na hakuanza futiboli ya Kimarekani hadi 2010. Alipata saki 4.5 mwaka 2012, Detroit wakamchukua 2013 katika chaguo la tano, na mwaka 2015 alipata 14.5. Kenya nayo ilimtoa Daniel Adongo, mchezaji wa raga aliyesajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kupita chuoni wala kwenye drafti, ingawa hakudumu. Tofauti kati ya hao wawili haikuwa ya mwili tu. Ansah alipata miaka mitatu ya kukosea Jumamosi, mahali ambapo kukosea hakumfukuzishi mtu kazi.

Madaktari wa timu wana kauli yao, nayo huwa nzito kuliko ya skauti yeyote. Laiatu Latu aliambiwa na madaktari wa chuo chake cha kwanza, Washington, kwamba shingo yake haitamruhusu kucheza tena. Alihamia UCLA, akaruhusiwa, akapata saki 13 mwaka 2023, na Colts wakamchukua katika chaguo la 15. Shabiki hawezi kuyaona mafaili hayo, kwa hiyo mchezaji akishuka ghafla usiku wa drafti bila sababu inayoonekana, usikimbilie kusema timu zimekosea.

Nirudi kwenye chaguo la 2022, kwa kuwa umenitaka niseme bila kuzunguka. Georgia ya 2021 ilikuwa na wachezaji watano wa upande wa ulinzi waliochaguliwa raundi ya kwanza, na Walker mara nyingi aliwekwa ndani ya safu kuziba njia za wanaokimbia na mpira badala ya kuachiwa amkimbilie kwotabeki, kwa hiyo saki 6 zilimpunja. Mtu wa kilo 123 anayekimbia yadi 40 kwa sekunde 4.51 ni nadra, na Jacksonville hawakuwa wajinga kulitaka umbo hilo. Alianza na saki 3.5, kisha akapata 10 mwaka 2023 na 10.5 mwaka 2024. Huyo si mchezaji aliyeshindwa. Hutchinson alianza na 9.5, akafuatia na 11.5, na mwaka 2024 alikuwa na 7.5 katika mechi tano kabla ya kuvunjika mguu. Mimi ningemchukua Hutchinson, na ningemchukua hata kabla ya kujua hayo, kwa sababu katika video zake za Michigan jibu la pili lilikuwepo tayari, na kwa chaguo la kwanza sipendi kulipia kitu ambacho kocha bado hajakifundisha. Kamari ya mwili ninaikubali bei yake inaposhuka. Hunter katika chaguo la 88 ilikuwa bei ya kumfundisha mtu. Ningekuwa kwenye meza ya Vikings mwaka ule, ningewahimiza wampandishe ngazi hadi raundi ya pili.